Tuzime Visanduku vya Kero Kwenye Kompyuta za Umma

(Hotuba kwa wasimamizi wa vituo vya kompyuta vya wadi, wakati wa mafunzo ya TEHAMA)

 

Kompyuta za vituo vyetu hutumia Ubuntu, ambayo ni Linux, mfumo wa jamii ya Unix. Hatuilipii leseni, na kompyuta moja hubeba akaunti za watu wengi. Lakini mwananchi akiingia tu, visanduku vinamrukia: kimoja kinamkaribisha, kingine kinatangaza masasisho, cha tatu kinadai nenosiri.

Fikirieni Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA. Foleni imefika mlangoni. Mama mmoja anauliza, "Hapa niandike nini?" Naye anajibiwa, "Andika tu nenosiri lako, kitaondoka." Tukimzoesha kujibu kila kisanduku kwa nenosiri, tapeli akileta chake atakijibu vilevile. Hiyo ndiyo hasara kubwa, kuliko dakika zinazopotea.

Kwa hivyo, kabla ya kuzima chochote, jueni kisanduku kimetoka wapi.

Programu nyingi zinazojianzisha mtu anapoingia zimeorodheshwa katika folda ya /etc/xdg/autostart. Kila moja ina faili yake yenye kiambishi .desktop. Ukitaka kuizima kwa mtumiaji mmoja, nakili faili hiyo katika folda yake ya ~/.config/autostart, kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa sehemu ya [Desktop Entry]:

Hidden=true

Ukiuongeza kwenye faili iliyo ndani ya /etc, utakuwa umewazimia watumiaji wote. Hifadhi nakala ya faili ya awali kwanza. Kwa akaunti mpya, mipangilio iwekeni katika /etc/skel, kwa sababu yaliyomo hunakiliwa kila akaunti inapofunguliwa. Akaunti za zamani hazitaguswa. Hizo mzishughulikie moja moja.

Kisanduku cha masasisho kina sharti. Ukikizima, jukumu la kusasisha linakuwa lako. Panga siku ya kila wiki na uifuate. Kompyuta isiyosasishwa ni mlango ulio wazi, hata kama kioo chake kimetulia.

Sasa kile kinachodai nenosiri kila mara, kikisema hifadhi ya manenosiri haikufunguka. Hifadhi hiyo hufunguliwa kwa nenosiri la kuingilia. Msimamizi akimbadilishia mtu nenosiri, hifadhi hubaki na lile la zamani, na hapo ndipo kero inapoanza. Hutokea pia kompyuta inapowekwa iingie yenyewe bila kuuliza nenosiri. Dawa ni mwenye akaunti kufungua programu ya manenosiri na funguo, aandike la zamani, kisha aweke jipya lilingane na la kuingilia. Akiwa amelisahau, hifadhi ifutwe na mpya itaundwa, ila kwanza mwambieni kwamba yote yaliyokuwemo yatapotea.

Wapo watakaowashauri muache nenosiri la hifadhi likiwa tupu ili kisanduku kinyamaze. Msikubali. Siri zilizomo zitakaa bila kufichwa, na kwenye kompyuta ya umma hizo huenda ni nenosiri la eCitizen la jirani yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuzilinde taarifa za wananchi.

Wala msizime kisanduku kinachotaka nenosiri la msimamizi kabla ya programu kusakinishwa. Hicho si kero; hicho ni askari wa lango.

Mkimaliza, ingieni kwa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi, mjionee anachokiona mwananchi. Andikeni kwenye daftari la kituo mlichokizima na tarehe, ili atakayekuja baada yenu asitafute gizani. Visanduku vikibaki vichache, wananchi watavisoma kabla ya kubonyeza.