Kivuli Nje ya Geti

Msikilizaji, pita jioni moja katika njia za ndani za Diani, nyuma ya barabara kubwa, utazame kuta. Ukuta mrefu, vigae vya chupa juu yake, geti la chuma, na nje ya geti ni vumbi jeupe linaloumiza macho. Kijani chote kimefungiwa ndani. Mtoto anayetoka shule saa saba mchana anatembea juani mpaka kwao bila kupata kivuli cha kusimama chini yake. Hilo linaniuma, na ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti leo.

Nazungumzia ile ardhi ya hatua tatu nne kati ya ukuta na njia. Ni ndogo, lakini ndiyo sehemu pekee ya nyumba yako ambayo mtaa mzima unaishi nayo.

Ukishika jembe hapo, utakutana na mwamba. Pwani yetu ya kusini imekaa juu ya matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Shimo la mti huchimbwa kwa mtaimbo. Mwaka nilipohamia kwangu nilipanda mawaridi, yakageuka manjano, mishipa tu ya majani ikabaki kijani. Chokaa ya mwamba huinyima mizizi madini ya chuma. Nikaongeza maji, nikaongeza mbolea ya dukani, wapi! Jirani yangu, mama wa Kidigo, ndiye aliyenifundisha: shimo lijazwe makumbi ya nazi, samadi ya mbuzi na majani makavu, kisha liachwe lioze kabla ya kutia mche. Tangu siku hiyo majani yanayofagiliwa uani kwangu hayachomwi moto.

Majani makavu yamefanya kazi hiyo hiyo kwingine pia. Huko Bamburi, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mtaalamu wa kilimo aitwaye Rene Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti juu ya matumbawe matupu. Kati ya aina 26 alizojaribu, zilizostahimili ni 3, zikiwemo mvinje na mnazi. Udongo wenyewe ulitengenezwa na jongoo, waliokula majani makavu ya mvinje wakayageuza mboji. Jongoo huyu huyu tunayemfagia mlangoni.

Mfano wa bustani hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Tunao Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Usichukue hata kijiti humo, wazee wamekataza, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Nenda ukatazame tu jinsi ulivyopangika: miti mirefu juu, midogo chini yake, mitambaazi ikipanda katikati, na majani yaliyooza yakifunika mawe. Ndivyo nje ya geti panavyoweza kuwa. Mkungu au mkwaju utoe kivuli. Chini yake mkindu, na mkadi usogezwe mbali kidogo na wapitao, maana majani yake yana miiba. Ukutani, asumini. Na karibu na geti mlangilangi, ili jioni mpita njia anuse kabla hajajua harufu inatoka wapi.

Bogenvilia nazo ni nzuri, sizikatai. Ila mbega hatembei juu ya bogenvilia. Mbega wetu wa Diani huishi matawini, na tukikata miti hulazimika kushuka barabarani au kushika nyaya za umeme, akafa. Colobus Conservation, shirika lililoanzishwa mwaka 1997, limemwekea madaraja ya kuvukia juu ya barabara. Tawi la mti wako likikutana na la jirani, nalo ni daraja. Ila usipande mti mrefu chini ya waya.

Basi, chimba sasa, kabla ya masika, mashimo yapate muda wa kuoza. Mvua ya kwanza ikishaloweka ardhi, fungua geti utoe miche nje. Watoto watasimama waulize unapanda nini. Mpe mmoja wao mche wa mkungu aushike wima wakati wewe unafukia.