Kitindamlo cha Meli Kwenye Meza ya Mlimani

Mada kwa wapishi, wenye nyumba za wageni, waongoza watalii na wakulima wa matunda, Kwai, Lushoto



Niliombwa nizungumzie chakula tunachowapa watalii. Nimechukua kipande kidogo cha jambo hilo, kile cha mwisho mezani: kitindamlo. Wali wetu mzuri, mboga zetu hazina mpinzani, kuku wa kienyeji wanasifiwa na kila anayepita. Tunapoanguka ni hapo mwishoni. Mgeni wa msimu wa matunda amepanda kutoka Mombo, kilomita 33 za kona hadi Lushoto, na pale Soni ameona plamu na peasi zimepangwa kwenye ndoo kando ya barabara. Jioni analetewa bakuli la kastadi ya unga lenye vipande viwili vya pichi ya kopo. Kama si hivyo, keki iliyokatwa tangu mchana ikakauka kingo. Kama si keki, sahani ya tikitimaji, papai na nanasi, matunda ya joto yaliyopandishwa na gari kutoka bondeni yakaletwa kwenye mlima wenye matunda yake.

Nimekula vitindamlo vya namna hii mara nyingi, na kila mara najiuliza vimetoka wapi. Jibu nililolipata ni kwamba vimetoka mbali: kwenye bafe za hoteli kubwa, na zaidi ya hapo kwenye meli za kitalii, ambako upishi wa kulisha maelfu kwa mpigo ulifanywa kuwa fani. Kwa hiyo naomba tuiangalie meli kwanza.

Wasafiri wa meli hizo wana lalamiko moja la siku nyingi: kitindamlo kinapendeza macho, kikifika mdomoni ni baridi na sukari tu. Wapishi wa meli si wazembe. Wengi wao ni mafundi kuliko sisi sote humu. Kinachowafunga ni mazingira ya kazi. Januari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Naitaja kwa ukubwa wake tu, nasi tupige picha ya jiko linalopaswa kutoa sahani 2,000 za kitindamlo jioni moja, tena ndani ya saa chache. Lazima kitengenezwe mapema, pengine jana yake. Lazima kisimame wima kwenye jokofu usiku kucha bila kutoa maji, kwa hiyo kinatiwa jelatini. Krimu ya maziwa haihimili safari hiyo, basi inatumika krimu ya mafuta ya mimea, ambayo haianguki na pia haina ladha. Matunda yanapakiwa bandarini yakiwa mabichi ili yadumu siku nyingi, na tunda lililochumwa kabla ya wakati huweza kulainika likiwa njiani, lakini utamu wa mtini halitaupata tena.

Halafu kuna sheria za afya, nazo ni za haki. Marekani ina mpango wa ukaguzi wa usafi wa meli tangu mwaka 1975: chakula cha baridi kikae kwenye nyuzi 5 au chini yake, na mayai yasiyopikwa yawe yamepashwa moto kiwandani kuua vijidudu. Ugonjwa wa kuhara ukiingia melini hakuna pa kuukimbilia. Lakini ubaridi una gharama yake ulimini. Kitu baridi sana hakisikiki utamu vizuri wala harufu yake haipandi puani, hivyo mpishi anaongeza sukari ili kisikike. Kikipata joto kidogo mezani, sukari yote inajitokeza kwa pamoja.

Sasa tulinganishe na Kwai. Nyumba ya wageni ya huku ikijaa sana ina watu 20. Mayai ni ya jana. Maziwa yamekamuliwa asubuhi. Mti wa plamu uko nyuma ya jiko. Hakuna hata moja kati ya matatizo ya meli linalotuhusu, na bado tunapika kama tuko baharini. Tumeazima dawa ya ugonjwa tusiokuwa nao.

Kwa nini? Wengine watasema uvivu, sikubaliani nao. Sababu kubwa naiona kwenye namna tunavyokula sisi wenyewe. Katika nyumba zetu mlo hauishii kwenye kitu kitamu. Vitamu vina saa zake: maandazi na vitumbua na chai ya asubuhi, kaimati na tambi za sukari wakati wa futari, halua kwa kahawa chungu. Kijana akienda chuoni kusomea upishi anafundishwa kitindamlo kama somo la wageni, analipitia kwenye mtihani, kisha anakitengeneza maisha yake yote bila kukila. Mpishi asiyekula anachopika atakisahihisha kwa kipimo gani? Atatazama rangi, atatazama kama kimesimama, basi. Dada anayepika maharage anaonja mara tano kabla ya kuepua. Kastadi yake haionji hata mara moja.

Ajabu ya jambo hili inakuwa kubwa zaidi ukikumbuka historia ya hapa tulipokaa. Miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilianzisha Kwai shamba la majaribio, kwa kuwa baridi ya huku iliwafaa kujaribu mazao na mifugo ya kwao. Mwaka 1902 wakafungua taasisi ya utafiti Amani, Usambara ya Mashariki, na kwenye misitu ya upande huo ndiko inakolimwa iliki tunayoinunua sokoni hadi leo, pamoja na mdalasini na pilipili manga. Plamu, peasi na pichi ni miti iliyoletwa, lakini imekwisha kuwa yetu. Bibi zetu wameirithisha kwa wajukuu. Matunda ya baridi na viungo vya joto ndani ya safu moja ya milima: wapishi wangapi duniani wana bahati hiyo?

Kuna kikwazo kimoja cha kweli, na hapa nitakaa kidogo. Plamu na pichi zetu zinaiva kati ya Desemba na Februari. Wageni wengi wanakuja Juni hadi Septemba. Matunda yanapokuwa mengi hakuna wa kumlisha, bei inaanguka, mengine yanaoza chini ya mti. Wageni wakifika, mti hauna tunda na mpishi anafungua kopo. Kwa hiyo suala letu ni kuhifadhi, na kuhifadhi kunawezekana jikoni pa kawaida kwa sababu plamu ni chachu, na uchachu huo unazuia vijidudu vya hatari kuota ndani ya chupa iliyochemshwa vizuri.

Ila milimani maji hayachemki kama Tanga mjini. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na Kwai iko juu zaidi. Maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, wala si 100. Maelekezo ya vitabu vya pwani yatakudanganya. Plamu zilizopashwa moto kwenye maji ya sukari, zikatiwa kwenye chupa safi ya kioo ya nusu lita na kufunikwa, zichemshwe ndani ya sufuria ya maji kwa dakika 30 kwa mwinuko wetu. Chupa ya lita moja, dakika 35. Maji yafunike chupa kabisa, na dakika zihesabiwe tangu yalipoanza kutokota. Jamu nayo huku inaiva kwenye nyuzi 100 hivi, kwa sababu kinachohitajika ni kuzidi mchemko wa maji kwa nyuzi 4 au 5. Anayengoja nyuzi 105 za kitabuni anaunguza. Hata keki zinazoumuka haraka kisha zikadidimia katikati zina sababu hiyo hiyo ya mwinuko: punguza baking powder na sukari, ongeza maziwa kidogo.

Hatuanzi kutoka sifuri. Shamba la Irente linawapa wageni mkate, jibini na jamu zake, na watu wanapanda hadi kule kwa ajili ya meza hiyo. Masista wa Ubiri wanatengeneza jamu na jibini kwa mikono yao. Misheni ya Sakharani ina makadamia. Mgeni ameonyesha wazi kwamba analipia kitu cha mahali.

Ninachopendekeza kwa jioni ya Julai ni hiki: plamu za chupa zipashwe moto kwa mdalasini na punje mbili za iliki ya Amani, zimwagwe zikiwa na mvuke juu ya mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa, makadamia zilizokaangwa zinyunyizwe juu. Kazi ya dakika 10. Usiku wa Julai huku ni baridi, na mgeni aliyejifunga shuka hahitaji jeli kutoka kwenye jokofu. Siku nyingine ndizi mbivu za nazi, nazi ikiwa imepanda kutoka Muheza. Na mpishi ale kwanza, bakuli zima, wala asiishie kuonja kijiko.

Linabaki suala la fedha, ambalo wakulima wamelitaja tangu asubuhi. Chupa za kioo na mifuniko ndiyo gharama kubwa. Chupa inarudi, mfuniko unaonunuliwa kwa ajili ya kuziba hewa hautumiki mara mbili. Mkulima hawezi kununua chupa na sukari mwezi Desemba akasubiri kulipwa Julai. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kulipa nusu Novemba, akiandika anataka chupa ngapi na za tunda gani. Naomba alasiri hii, kabla hatujatawanyika, kila mwenye nyumba aketi na wakulima wawili au watatu wa karibu naye, waiandike hesabu hiyo.