Koleo Mkononi, Kihispania Mdomoni

(Mazungumzo na wanafunzi wa uashi na ujenzi)



Huenda umeliona tangazo kwenye simu: nenda ng'ambo, ujitolee kujenga nyumba za wanakijiji, urudi ukizungumza Kihispania. Picha ni za kuvutia. Ada imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Tuchukue mfano wa Guatemala, Amerika ya Kati. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 4 Februari 1976, tetemeko la ardhi liliua watu wapatao 23,000. Wengi walikuwa wamelala katika nyumba za matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua, na kuta hizo nzito zikawaangukia. Ndiyo maana fundi wa kule hana mzaha na nondo. Tangu 1979 shirika la Habitat for Humanity limekuwa likijenga huko, na familia inayopata nyumba hulipa mkopo kidogo kidogo na pia hutoa nguvu zake kwenye mjengo. Kwa hiyo mgeni anayejitolea si mfadhili mkuu, wala si fundi. Ni kibarua wa wiki moja au mbili.

Atachekecha mchanga, atachanganya simiti, atapokezana ndoo, atafunga nondo kwa waya. Lugha huanzia hapo. Fundi akiita «mezcla», anataka mota. «Pala» ni koleo, «cubeta» ni ndoo. Anayeleta ndoo alipoitishwa koleo huchekwa na mjengo mzima, na neno hilo halisahau tena. Wengine hupitia kwanza shule za lugha za miji ya Antigua na Quetzaltenango, ambako kila mwanafunzi huwa na mwalimu wake peke yake, na hulala kwa familia ya wenyeji. Mezani hapo ndipo sarufi hutokwa jasho!

Matangazo husahau jambo moja. Guatemala ina lugha 22 za Wamaya, na katika vijiji vingi vya nyanda za juu Kihispania si lugha ya mama. Fundi na mwenye nyumba watazungumza Kikaqchikel au Kik'iche', kisha wamgeukie mgeni kwa Kihispania. Kijana wa Kenya hatashangaa. Amekua na lugha moja nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani. Akijifunza hata salamu ya lugha ya kijiji, atafunguliwa mlango ambao Kihispania pekee hakifungui.

Sasa swali gumu. Nauli ya mgeni mmoja, kwenda na kurudi, ingelipa mafundi wa kijiji kwa siku nyingi. Hilo lisifichwe. Anayefaidika zaidi mara nyingi ni yule aliyesafiri, na hakuna aibu kukubali hivyo. Aibu ni pale mgeni asiyejua timazi anapopewa mwiko ili apigwe picha, huku fundi wa kijiji amekaa kando bila ujira, na kesho yake ukuta unabomolewa na kujengwa upya. Ninyi wa uashi mna nafasi tofauti. Anayejua kusoma pimamaji ataaminiwa kazi mapema, na maneno yake ya Kihispania yatakuwa ya fundi, si ya mtalii.

Basi kabla ya kulipa chochote, uliza fundi mkuu ni nani na analipwa na nani. Uliza ada inagawanywa vipi. Omba kuzungumza na mtu aliyewahi kwenda. Usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, na pasipoti yako usimwachie wakala. Ulizia ubalozini masharti ya viza, pamoja na ya nchi utakazopitia, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano uwe nacho mapema.

Asiye na nauli asione lugha imempita. Kihispania ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, wenye ofisi kubwa pale Gigiri. Ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika pia, sawa na Kiswahili, na hapa barani huzungumzwa Guinea ya Ikweta. Masomo ya mwanzo yapo bure kwenye intaneti. Wawili wenu wakiamua kuitana majina ya vifaa kwa Kihispania karakanani, muhula hauishi kabla hawajaanza kubishana kwa lugha hiyo.

Karibuni maswali.