Mkono Hautoshi, Lakini Uanze Mkono



Mwanamke arudiye kutoka shamba la mwani maji yanapojaa, akafika barazani angali akihema, kisha akafungwa mkanda wa presha papo hapo, husomewa presha ya kazi na ya mwendo, si yake ya kawaida. Jambo hilo halina budi kuzingatiwa kabla ya kusifu chombo chochote kipya.

Mkanda wa mkononi ulibuniwa na Daktari Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Mwaka 1905 Daktari Nikolai Korotkoff wa Urusi akaeleza sauti zinazosikika mshipani mkanda unapolegezwa. Lakini mkono si moyo. Ubongo na figo hupokea damu kwa shinikizo lililomo katika aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni. Wimbi la mapigo hukua lisafiripo kwenda mkononi. Kwa hiyo namba ya juu ya mkononi kwa kawaida huzidi ile ya aota. Kwa vijana tofauti hiyo ni kubwa. Kwa wazee, ambao mishipa yao imekakamaa, hupungua. Hivyo watu wawili wenye namba moja mkononi waweza kuwa na mizigo tofauti moyoni. Utafiti wa CAFE, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha matibabu ya aina mbili yakishusha presha ya mkono karibu sawa, ilhali ya aota ikitofautiana.

Kuipima aota yenyewe kunahitaji kupitisha mrija mwembamba mshipani, kazi ya hospitali kubwa. Siku hizi viko vyombo ambavyo, baada ya kupima mkono, huuacha mkanda na upepo kiasi, husoma umbo la wimbi la mapigo, kisha hukokotoa makadirio ya presha ya aota. Chombo hicho chaweza kubebwa hadi kijijini. Hata hivyo, hesabu yake huegemea namba ile ile ya mkono. Mkono ukipimwa vibaya, aota nayo hukosewa.

Aidha, matibabu ya kawaida yangali yakiamuliwa kwa presha ya mkono. Kwa hiyo mpimwaji aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda ulingane na unene wa mkono, kwani mdogo huzidisha namba. Apimwe angalau mara mbili. Anayefikia 140 kwa 90 asitangaziwe ugonjwa kwa siku moja. Aelekezwe kituo cha afya akapimwe tena.

Presha ya juu mara nyingi haina dalili mpaka kiharusi kibishe hodi. Kipimo kibovu humpa mzima dawa asizozihitaji, na humrudisha mgonjwa nyumbani akiwa na matumaini ya uongo.

Skuli yaweza kutoa chumba kitulivu na viti vyenye egemeo. Sheha aweza kuwahimiza watu wafike mapema, kabla ya kwenda pwani. Chombo kipya kikifika Bwejuu na kipokelewe, lakini kiti, utulivu na mkanda sahihi vitangulie.