Mlango wa Nyumba na Mlango wa Serikali



Nimeombwa kunena habari ya mwanamke apigwaye nyumbani mwake, na jinsi iwapasavyo wenye kazi za watu wote, yaani sheha, mwalimu, muuguzi, askari na hakimu, kumtambua na kumsaidia. Si habari ya kupendeza katika siku za sikukuu, lakini haifai kuachwa.

Sote twajua ya kuwa soko la watumwa la hapa mjini lilifungwa mwaka 1873. Yaliyofuata hayajulikani sana. Mwaka 1897 Sultani alitoa amri ya kuondoa nguvu ya sheria katika utumwa, Unguja na Pemba. Ila masuria waliachwa nje ya amri ile, kwa kuwa walihesabiwa kama wake, watu wa ndani. Wakangoja hata mwaka 1909. Basi kwa miaka 12 sheria ilifika kizingitini ikasimama.

Siku hizi sheria imekwisha kuvuka kizingiti, lakini sisi wenyewe mara nyingi tungali nje. Kitusimamishacho ni muhali. Jirani asikia kilio usiku, asema ni muhali kuingilia mambo ya mtu na mkewe. Mke aja na jicho lililovimba, asema ameanguka. Muuguzi amtia dawa, wala haulizi la pili. Sheha apelekewa neno, awaita wazee, wapatanisha, na mke arudishwa nyumba ile ile, pasipo mtu kuandika lolote. Hata shauri likifika mahakamani, shahidi hatokei, kwa maana mshitakiwa ni ndugu yake; na pasipo shahidi hakimu hana la kushika.

Sisemi kwamba suluhu ni mbaya. Suluhu yawafaa watu wawili waliogombana. Lakini mmoja akiwa apiga na wa pili aogopa, huo si ugomvi, na kumwambia aogopaye astahimili ni kumwongezea nguvu apigaye.

Zamani mwenye kuumizwa alizungushwa: polisi kutaka fomu ya PF3, kisha hospitali, kisha polisi tena, na kila mahali kusimulia aibu yake upya. Wengi walichoka njiani wakarudi. Kwa sababu hiyo mwaka 2011 kilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ili daktari, mshauri na askari wapatikane pahali pamoja. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ni mambo mema. Lakini kituo chaweza kuwa mbali na nyumba ya mtu, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mlango wa kwanza ni yule aliye karibu.

Basi kila aliye karibu na afanye mambo matatu. Kwanza, amwulize mwanamke kwa faragha, mumewe asiwepo wala mkwewe, kwa maneno mepesi: Je, kuna mtu akuumizaye? Je, ukirudi leo utakuwa salama? Pili, aandike siku, alama alizoziona, na maneno ya mwanamke kama alivyoyasema, kisha ayaweke pasipojulikana na watu. Tatu, mwanamke akikubali, asimtume peke yake, bali amfikishe mwenyewe kwa wahusika.

Nanyi walimu, mwangalieni mtoto asinziaye darasani kila siku, au ashtukaye mkono ukiinuliwa. Huenda usiku alikuwa akisikiliza kipigo cha mama yake. Kabla ya kumwadhibu kwa uvivu, mwulizeni amelalaje.

Na aliyeitwa kushuhudia, na aende. Atakayeona haya mbele ya ndugu zake siku moja, aona haya ya siku moja. Yule mwanamke arudi nyumbani kila jioni.