Kabla Hujasogeza Ua, Uliza

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wakazi waliotoka Burgao na visiwa vya Wabajuni. Tunayachapa ili na wale ambao hawakuhudhuria wapate kuyasoma.)



Leo tuna jambo moja tu, nalo ni mpaka wa kiwanja. Tangu vita vya 1991 vilipowatoa makwenu, familia zimekua. Watoto waliozaliwa kambini sasa nao wana watoto. Mtu anataka chumba kimoja zaidi, au jiko lenye kivuli, basi anang'oa ua na kuusogeza mbele. Haja hiyo tunaielewa. Lakini kuna maswali mawili: unausogeza kuelekea wapi, na ni nani aliyekubali?

Mnaijua pwani yenu. Magofu ya mji wa kale wa Burgao yako hapo mpaka leo, nayo ni ya mawe na chokaa. Katika miji ya mawe ya pwani yetu nyumba husongamana, na kichochoro huwa chembamba, watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenzake. Hakuna ubaya, maana ukuta wa mawe hauwaki, na kichochoro chembamba huleta kivuli. Majirani wawili wakikubaliana mbele ya wazee, jambo limekwisha.

Hapa kambini kuta ni fito, udongo na turubai, na kila nyumba inapika kwa moto. Ile nafasi iliyoachwa kati ya nyumba na nyumba inaonekana tupu, lakini ina kazi. Inazuia moto usiruke. Inapitisha mgonjwa anayebebwa usiku. Inapitisha gari la maji. Nyinyi majirani wawili mnaweza kugawana kilicho chenu wawili. Nafasi hii si yenu wawili, ni ya bloku nzima. Ndiyo maana mapatano ya majirani peke yake hayatoshi.

Tarehe 22 Machi 2021 moto uliwaka katika kambi za wakimbizi wa Rohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh. Nyumba zilikuwa za mianzi na turubai, zimebanana. Watu wapatao 45,000 walibaki bila makazi kwa siku moja, na wengine walipoteza maisha. Walionusurika walieleza kuwa senyenge iliyozunguka kambi iliwazuia kukimbia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Hivi ndivyo vipimo vinavyotumiwa na mashirika yanayopanga kambi duniani:

1. Kati ya nyumba na nyumba, iachwe nafasi ya mara mbili ya kimo cha nyumba, kupimwa mpaka juu ya paa.
2. Pasipowezekana, nafasi hiyo isipungue mita 2.
3. Kila baada ya mita 300 za nyumba, uachwe uwanja mtupu wa mita 30 wa kuzuia moto.
4. Choo cha shimo kisiwe mbali na nyumba zaidi ya mita 50, na kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima.

Wavuvi hawahitaji futi ya fundi. Pima moja ya kamba ni kama mita 1.8. Basi mita 2 ni pima moja na kidogo, na mita 30 ni karibu pima 17.

Tuseme nyumba yako ina kimo cha mita 2.2. Mara mbili yake ni mita 4.4, yaani pima mbili na nusu hivi. Kama nyumba ya jirani iko mita 5 kutoka kwako, ukiongeza chumba cha nusu mita zitabaki mita 4.5. Bado uko ndani ya kipimo. Ukiongeza mita moja, zitabaki 4. Hapo umepita kipimo kizuri lakini hujafika kwenye mita 2, na hapo ndipo panapoombwa ruhusa ya pekee. Kushuka chini ya mita 2, au kuingia kwenye uwanja wa mita 30, usiombe. Hakuna sababu inayotosha.

NAMNA YA KUOMBA

Kwanza, usiguse kigingi. Omba kabla ya kujenga.

Pili, pima mbele ya kiongozi wa bloku na majirani wote wanaopakana nawe, wa mbele, wa nyuma na wa pembeni. Sahihi zao si ruhusa. Ni ushahidi kwamba wameona na wamesema lao.

Tatu, andika barua fupi: namba ya kiwanja, idadi ya watu nyumbani, mpaka ulipo sasa, unapotaka uwe, na nafasi itakayobaki. Chora picha, hata kwa mkono.

Nne, taja sababu ya kweli. Mzee asiyeweza kutembea, mtoto mlemavu, au maji ya mvua yanayoingia nyumbani ni sababu nzito. Kutaka kuweka duka si sababu nzito.

Tano, eleza njia nyingine ulizojaribu: kuhamishia jiko upande wa pili, au kubadilishana kiwanja. Ukikataliwa, omba uandikiwe sababu.

Ombi halinunuliwi. Anayedai pesa ili aweke sahihi, mripoti.

Neno la mwisho ni zito kidogo. Wengi wenu mnajua ilivyo mwenye bunduki anapokuja kuchukua nyumba na chombo cha mtu. Msikubali jambo hilo lianze tena hapa kwa kipimo kidogo. Ua ukisogezwa usiku, mara nyingi unasogezwa juu ya mjane au mzee asiye na wa kumtetea. Jirani dhaifu asikizwe kwanza.

Na kumbukeni, kiwanja cha kambi ni cha kutumia, hakiuzwi. Kukitumia hakufuti haki yenu ya kule nyumbani. Kanuni za Pinheiro za mwaka 2005, zilizotoka katika Umoja wa Mataifa, zinasema mkimbizi aliyenyang'anywa nyumba au ardhi kinyume cha sheria ana haki ya kurudishiwa. Kaeni na wazee sasa, muandike: nyumba ilikuwa wapi, ilipakana na nani, mti gani, kisima gani. Mpaka usioandikwa hufa na anayeukumbuka.