Tumsomeshe Mwalimu, Watoto Wetu Wasome



Tumezoea kuchangia vitu vinavyoonekana kwa macho: mabati, saruji, madawati. Leo tunaomba tuchangie kichwa cha mwalimu.

Sote tunawafahamu watoto wetu wasiosikia, wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ualbino na wenye ulemavu wa akili. Wengine wanabaki nyumbani wakichunga mbuzi. Wengine wameandikishwa shule, lakini wanakaa tu darasani. Mtoto asiyesikia ananakili ubaoni asichokielewa, halafu tunasema hana akili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma katika shule ya kawaida kama wenzake. Ila haki hiyo haifundishi. Anayefundisha ni mwalimu.

Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo Tengeru mkoani Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Huko mwalimu anajifunza lugha ya alama, kusoma na kuandika nukta nundu kwa kutumia nukta sita, na namna ya kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili hatua moja baada ya nyingine. Anajifunza pia mambo yasiyo na gharama: mtoto mwenye ualbino akae mbele, mbali na mwanga mkali wa dirishani, na aandikiwe kwa herufi kubwa.

Wapo watakaouliza, kwa nini tusiwapeleke watoto Buhangija, Shinyanga? Shule ile inafanya kazi kubwa, na mtoto anayeihitaji aende. Lakini mtoto mdogo kulala mbali na mama yake ni mzigo mzito, na nafasi za bweni hazitoshi watoto wote. Mwalimu mmoja akisoma na kurudi, atafundisha watoto wa miaka mingi, na wenzake shuleni watajifunza kwake.

Ndugu zetu, tunapendekeza tuanze na walimu wawili ambao tayari wanafundisha katika kata yetu. Kila mmoja awe na kibali cha mwajiri cha kwenda masomoni, na tuiombe mapema Halmashauri ya Itilima iwarudishe hapa hapa wakimaliza. Michango yenu italipa ada, nauli, chakula na vifaa vya kuandikia nukta nundu watakavyorudi navyo. Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye pamba atoe kilo kadhaa msimu wa mauzo.

Kwenu wazazi, msisubiri walimu hao warudi. Mwandikisheni mtoto sasa, na mpelekeni hospitali akapimwe macho na masikio. Mtoto aliyefichwa ndani hata mwalimu bora hamfikii.